Kipimo cha Ulimi wa Mtoto: Historia Fupi na Funzo Lake kwa Walimu wa Rebero

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa kifupi jinsi watu walivyojaribu, tangu zamani, kupima matamshi ya mtoto mdogo, na kuonyesha mahali ambapo historia hiyo inagusana na kazi yetu sisi walimu wa lugha hapa Rebero, kilima kilicho kusini mwa jiji la Kigali. Jambo hili laweza kuonekana kuwa ni la matabibu na wataalamu wa isimu peke yao. Lakini kabla mtoto hajafikishwa kwa mtaalamu yeyote, aghalabu mtu wa kwanza nje ya nyumba yao kumsikiliza kwa makini ni mwalimu, na mara nyingi neno la mwalimu ndilo linaloamua kama atapelekwa au hatapelekwa.

Suala lenyewe ni hili. Mtoto wa miaka sita anaposimama darasani na kusema kurara badala ya kulala, mwalimu amesikia nini? Amesikia kosa la Kiswahili, au kasoro ya usemi, au sauti ya lugha ya mama? Majibu hayo matatu hayalingani. La kwanza lataka mazoezi ya darasani. La pili lataka msaada wa mtaalamu. La tatu halitaki tiba yoyote. Mwalimu akiyachanganya, anayelipa gharama ni mtoto.

Makosa mawili ya kale

Herodoto, mwanahistoria wa Kiyunani, amesimulia habari za Psammetichus, mfalme wa Misri, aliyetaka kujua taifa lipi lililo la kale kuliko yote. Mfalme huyo alitwaa watoto wachanga wawili, akampa mchungaji awalee pasipo mtu kutamka neno lolote mbele yao. Baada ya miaka miwili watoto wakasikika wakisema bekos. Wapelelezi wa mfalme wakagundua kwamba neno hilo ni mkate kwa lugha ya Wafrigia, na mfalme akakata shauri kwamba Wafrigia ndio wakongwe. Wengi waliokisoma kisa hicho baadaye wameona kwamba huenda watoto wale walikuwa wakiiga sauti za mbuzi waliolelewa nao.

Kisa cha pili kimo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Wagileadi walipowashinda Waefraimu waliviteka vivuko vya mto Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kuitamka sh; alisema Sibolethi, naye aliuawa papo hapo. Kitabu kinasema walikufa watu 42,000. Ndimi zao zilikuwa nzima kabisa. Walitamka kama walivyofundishwa na mama zao.

Visa hivi viwili tunavitaja kwa sababu vinabeba makosa mawili ambayo elimu ya baadaye ilihangaika nayo kwa muda mrefu. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba watoto wote wana lugha moja iliyofichika ndani yao, na kwamba wote hupanda ngazi ile ile. Kosa la pili ni kuichukulia tofauti ya lugha kuwa ni ila ya msemaji.

Kutoka shajara hadi takwimu

Uchunguzi wa kisasa ulianza nyumbani, kwa wazazi walioandika shajara za watoto wao. Mwaka 1877 Charles Darwin alichapisha kumbukumbu alizokuwa ameziandika juu ya mwanawe mchanga, na humo alieleza jinsi mtoto huyo alivyojibunia neno lake mwenyewe la kuombea chakula, yaani mum. Mwaka 1907 Clara na William Stern wa Ujerumani walitoa kitabu juu ya lugha ya watoto kutokana na shajara za watoto wao watatu. Baadaye, kati ya 1939 na 1949, Werner Leopold alichapisha majuzuu manne juu ya binti yake Hildegard, aliyekua Marekani akisema Kijerumani na Kiingereza kwa pamoja. Kazi hiyo ya Leopold inastahili kukumbukwa hapa, kwani mtoto wake, kama walivyo wengi wa watoto wetu, hakuwa mtoto wa lugha moja.

Mwaka 1941 Roman Jakobson, mwanaisimu wa Kirusi aliyekuwa mkimbizi wa vita huko Sweden, alitoa kitabu kilichojaribu kuziunganisha habari hizo zote kwa kanuni moja. Alidai kwamba watoto wa dunia nzima hupata sauti kwa utaratibu mmoja: sauti za midomo kama m na p pamoja na irabu a hutangulia, vipasuo huja kabla ya vikwamizo, na sauti za mbele ya kinywa huja kabla ya zile za nyuma. Mtu mzima anayepotewa na usemi kwa ugonjwa wa ubongo, alisema, huzipoteza sauti hizo kwa utaratibu huo huo uliogeuzwa. Nadharia hiyo ilikuwa na nguvu, na sehemu yake ina ukweli hata leo. Lakini ilikuwa na mbegu ya kosa la Psammetichus, kwa kuwa iliwahimiza watu kutafuta ngazi moja tu.

Wakati huo huo Wamarekani walikuwa wakihesabu. Mwaka 1957 Mildred Templin alichapisha matokeo ya kuwapima watoto 480 wa umri wa miaka mitatu hadi minane, akaonyesha umri ambao kila sauti ya Kiingereza hukomaa. Kutokana na kazi za namna hiyo zilizaliwa orodha za maneno na picha ambazo mtoto huonyeshwa ili ataje anachokiona, na mpimaji huandika sauti zilizo sahihi na zisizo sahihi. Mwaka 1982 Lawrence Shriberg na Joan Kwiatkowski walitoa njia nyepesi ya kuijumlisha hesabu hiyo: zihesabiwe konsonanti zote alizopaswa kutamka, kisha itafutwe asilimia ya zile alizotamka sawasawa. Anayezidi 85 kwa mia huhesabiwa kuwa na tatizo dogo kama analo. Aliye kati ya 65 na 85 tatizo lake ni dogo hadi la kadiri. Aliye chini ya 50 tatizo lake ni kubwa.

Hapana ubaya katika kuhesabu. Ubaya uliingia pale vipimo vilivyotengenezwa kwa lugha moja vilipofasiriwa na kupelekwa kwa watoto wa lugha nyingine. Kufasiri neno si kufasiri sauti. Ukifasiri picha ya ng'ombe kwa lugha kumi utapata neno kumi mara, lakini hutapata sauti zile zile hata mara mbili.

Lugha nyingine zaingia katika mizani

Mabadiliko yalikuja taratibu, pale watafiti walipoanza kuwasikiliza watoto wa lugha zisizo za Ulaya. Zhu Hua na Barbara Dodd waliwachunguza watoto wa China wanaosema Kimandarini. Katika Kiingereza mtoto mzima wa afya aghalabu huivuta k mbele ikawa t. Yule anayeirudisha t nyuma ikawa k hutazamwa kwa wasiwasi, kwa sababu watoto wenzake hawafanyi hivyo. Lakini huko China ilionekana kwamba kuzirudisha sauti nyuma ni jambo la kawaida kwa watoto wasio na tatizo lolote. Dalili ile ile ni ugonjwa katika lugha moja na ni ukuaji katika lugha nyingine. Mwaka 2006 wataalamu hao wawili walikusanya katika kitabu kimoja habari za watoto wa lugha mbalimbali, na hoja yao kuu ilikuwa kwamba mtoto hana budi kulinganishwa na watoto wa lugha yake.

Mwaka 2018 Sharynne McLeod na Kathryn Crowe walijumlisha tafiti zilizokuwapo juu ya lugha 27, zenye watoto 26,007 katika nchi 31. Waliona kwamba afikapo miaka mitano mtoto huwa amekwisha kuzimudu konsonanti nyingi za lugha yake, iwe lugha gani. Waliona pia kwamba vipasuo na ving'ong'o hutangulia, na kwamba vikwamizo na vimadende huchelewa. Hapo Jakobson alikuwa na haki. Lakini vidoko vya lugha za kusini mwa Afrika, sauti ambazo mgeni hudhani ni ngumu kupita zote, vilikuwa katika kundi la zile zinazowahi. Ugumu aliousikia mgeni ulikuwa katika sikio la mgeni.

Katika lugha hizo 27 Kiswahili kimo, pamoja na Kixhosa na Kitswana. Kiliingia kwa sababu ya kazi ya Nazreen Gangji, Michelle Pascoe na Mantoa Smouse, iliyochapishwa 2015, juu ya watoto wa Dar es Salaam wa umri wa miaka mitatu hadi wasiotimiza sita. Walitumia maneno ya Kiswahili chenyewe, na kwa hiyo walitufungulia njia. Watoto hao walikuwa 24, yaani wachache kuliko darasa moja la shule zetu nyingi. Kinyarwanda hakimo katika lugha hizo 27.

Kiswahili nacho si kimoja

Yafaa hapa tukumbushane kwamba hata Kiswahili hakina mdomo mmoja. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na tangu 1930 Kamati ya Lugha ilisimamia vitabu kwa msingi huo. Uamuzi huo ulitupatia lugha ya shule na ya magazeti, nasi tunaushukuru. Lakini Kiunguja kilichaguliwa kiwe kipimo cha kuandikia. Hakikuchaguliwa kiwe kipimo cha afya ya ulimi.

Mtoto wa Mombasa aliyezaliwa katika Kimvita husema ndia kwa njia, na mato kwa macho, kama walivyosema babu zake. Mpimaji aliyeshika orodha ya Kiunguja atamwandikia makosa mawili. Vivyo hivyo mtoto wa bara asemaye samani kwa thamani au zambi kwa dhambi hana kithembe wala udhaifu wa meno. Lugha ya kwao haina th wala dh, na wakubwa waliomlea husema kama yeye. Mwalimu wa lugha atamfundisha sauti hizo, tena ni wajibu wake, lakini asimwite mgonjwa.

Rebero na ndimi zake

Sasa tuje kilimani kwetu. Rebero inajulikana nchini kote kwa makumbusho yake, mahali walipozikwa wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa kuyapinga mauaji ya kimbari, pamoja na maelfu ya wahanga wengine. Kila tarehe 13 Aprili taifa huwakumbuka hapo. Baada ya mwaka huo Kigali ilipokea watu waliorejea kutoka uhamishoni, na kila kundi lilirudi na lugha yake: waliotoka Uganda walikuja na Kiingereza na Kiganda, waliotoka Tanzania na mashariki ya Kongo walikuja na Kiswahili, na waliotoka Burundi walikuja na Kirundi na Kifaransa.

Kiswahili chenyewe hakikuwa kigeni mjini. Kilikuja pamoja na wafanyabiashara na askari wa zama za Wajerumani, wakati Richard Kandt alipouanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, kikapata makao yake Biryogo na Nyamirambo. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, na mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kiingereza kilitangazwa kuwa lugha ya kufundishia mwaka 2008, na mwishoni mwa 2019 ikaamuliwa kianzie darasa la kwanza. Kwa hiyo mtoto wa Rebero huweza kuamka katika Kinyarwanda, akasomea Kiingereza, na kununua maandazi kwa Kiswahili.

Lugha ya kwanza ya mtoto huyo ina sauti zake. Kinyarwanda hakitofautishi l na r. Ulimi hugusa ufizi mara moja, na sauti hiyo moja hutumika pote. Tahajia huandika r katika maneno ya kawaida, na l huonekana katika majina kama Kigali, lakini kinywani Kigali na Rebero zina sauti moja. Th, dh na gh hazimo. Kwa upande mwingine, zimo sauti ambazo Kiswahili hakina: pf kama katika gupfa, yaani kufa, ts kama katika gutsinda, yaani kushinda, na b laini ambayo midomo hukaribiana bila kufungana. Neno imbwa huandikwa karibu sawa na mbwa wetu, lakini anayelisikiliza Mnyarwanda atasikia g imejificha ndani yake. Zaidi ya hayo kuna urefu wa irabu na kidatu cha sauti, mambo ambayo tahajia ya kawaida haiyaonyeshi na ambayo Alexandre Kimenyi aliyatungia kitabu kizima mwaka 2002. Neno umuryango laweza kuwa jamaa au mlango, na sikio ndilo linalojua.

Tujaribu hesabu kwa mfano. Tuseme mpimaji ana orodha ya maneno ya Kiswahili yenye konsonanti 60, na katika hizo 12 ni l, th, dh na gh. Mtoto wa Rebero asiye na tatizo lolote atatamka 48 sawasawa, na hizo 12 atazitamka kwa sauti za kwao. Asilimia yake ni 80. Kwa kipimo cha 1982 ataandikiwa kwamba ana tatizo dogo hadi la kadiri. Mtoto huyo hana tatizo. Kipimo ndicho kilichokosea mlango.

Tugeuze mfano huo. Mtoto mwingine ana taabu ya kweli: hawezi kutamka pf wala ts, na vidatu vyake havieleweki hata kwa mama yake. Orodha ile ile ya Kiswahili haina pf, haina ts, haina kidatu. Atapita bila kugunduliwa. Hivyo kipimo kimoja kimemtia hatiani mzima na kumwachia asiyejiweza.

Kosa la tatu

Mpaka hapa tumewatetea watoto wanaodhaniwa wagonjwa ilhali ni wazima. Lakini liko kosa la tatu, nalo ni letu sisi wa miji yenye lugha nyingi. Tukiisha kujifunza kwamba tofauti ya lugha si ugonjwa, twaweza kuligeuza jambo hilo kuwa mto wa kulalia. Mtoto hasemi vizuri, nasi twasema: ni Kinyarwanda hicho, au, lugha zimemchanganya, au, ataacha akikua. Miaka inapita. Kumbe mtoto hasikii vizuri kwa sikio moja, au kaakaa lake lina ufa uliofichika, au ana matatizo ya kupanga sauti ambayo yangetengenezeka mapema. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.

Wengine nao hukimbilia kisu. Katika nchi zetu nyingi kimeo cha mtoto hukatwa kwa imani ya kumponya kikohozi na matatizo mengine ya koo. Rwanda jambo hilo hujulikana kwa jina la ikirimi. Matabibu wametuonya mara nyingi juu ya kutoka damu na kuambukizwa maradhi. Kimeo kilichokatwa hakimfundishi mtoto sauti hata moja.

Mwalimu atatofautishaje basi? Historia tuliyoisimulia inatupa maswali machache ambayo hayahitaji chombo chochote. La kwanza: je, taabu hii iko katika lugha zote za mtoto, au katika moja tu? Anayekosea l katika Kiswahili na Kiingereza pekee, ilhali Kinyarwanda chake ni safi, anajifunza lugha. Anayedondosha sauti za mwanzo wa maneno katika Kinyarwanda cha nyumbani pia, anahitaji kuangaliwa. La pili: je, wazazi na ndugu zake husema kama yeye? La tatu: je, anasikia? Hili lataka kuthibitishwa kabla ya kulaumu ulimi. La nne: akionyeshwa sauti na kuombwa aiige mdomoni mwa mwalimu, aweza?

La tano ni la kumwuliza mzazi. Mwaka 2012 McLeod na wenzake walitunga hojaji yenye maswali saba tu, ambayo imekwisha kutiwa katika lugha zaidi ya 60. Mzazi huulizwa ni mara ngapi mtoto hueleweka kwake mwenyewe, kwa watu wa nyumbani, kwa jamaa wa mbali, kwa rafiki zake, kwa watu wanaofahamiana naye, kwa walimu, na kwa wageni. Kila jibu hupewa alama tangu 1 hadi 5. Uzuri wa njia hii ni kwamba haimpimi mtoto kwa Kiunguja wala kwa Kiingereza. Humpima kwa jambo ambalo usemi uliwekewa, yaani kueleweka na watu wake.

Zana nyingine tunazo tangu jadi. Bibi zetu wa pwani, kama bibi za Rwanda, walikuwa na michezo ya maneno na vitanza ndimi, na mtoto aliyekwama katika sauti fulani alijulikana mchezoni bila kuaibishwa. Mwalimu akicheza michezo hiyo kwa lugha mbili, akaandika katika daftari sauti zinazomshinda kila mtoto, atakuwa na ushahidi wa kumpa mtaalamu. Na wataalamu wanaongezeka katika eneo letu: tangu 2008 Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikifundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha.

Hitimisho

Tumeona kwamba mfalme wa Misri alidhani watoto wote wana lugha moja ndani yao, na kwamba kwenye vivuko vya Yordani sauti ya kwao mtu ilihesabiwa kuwa hatia. Tumeona pia kwamba elimu ilichukua muda mrefu kuyaacha makosa hayo, na kwamba iliyaacha pale tu ilipokubali kuwasikiliza watoto wa lugha nyingine kwa masikio ya lugha zao.

Rai yetu kwa walimu wenzetu ni kwamba tuanze sisi kuandika. Orodha ya maneno mia ya Kinyarwanda na mia ya Kiswahili, yaliyo katika midomo ya watoto wa Rebero na yenye sauti zote za lugha hizo, yaweza kutungwa na walimu wachache kwa muhula mmoja, wakisaidiwa na wazazi. Waandikwe watoto wanaosema vizuri kwanza, umri kwa umri, ili ajulikane mzima ni nani kabla ya kumtafuta mgonjwa. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka sikio na subira. Na mpaka itakapokamilika, mtoto asemaye kurara akosolewe Kiswahili chake kwa upole, lakini asiandikiwe ugonjwa asio nao. Na yule ambaye hata mama yake hamwelewi asiachwe akae nyuma ya darasa kwa kisingizio cha lugha.